Chai ya Kukaa

Judica alikuwa ameshaketi kiti cha mbele cha gari la kukodi, mkanda kifuani, pochi mapajani, na dereva wa Kichina ameshawasha injini, ndipo Rozina alipoinama dirishani akamwambia kwamba leo Sia haendi Shiling.

Judica alicheka kwanza. Alidhani ni utani wa asubuhi, maana Sia kwenda Shiling halikuwa jambo la kuulizwa. Binti huyu wa Rozina alikuwa mwaka wa tatu chuoni hapa Guangzhou, akisomea uhandisi wa maji kwa ufadhili, na tangu alipoanza kutaja bei kwa Kichina bila kumung'unya maneno, akina mama wafanyabiashara wa Moshi walimfanya mdomo wao. Hakuna aliyeitisha kikao. Mtoto wa mwenzio ni wako, basi, na akishajua Kichina ni wa kila mwenye duka. Mtu akishuka uwanja wa ndege, hata begi hajalifungua, anapiga simu: Sia mwanangu, kesho saa mbili nikukute hotelini Xiaobei. Na Sia huyo, kwa adabu aliyolelewa nayo, anakuja. Mwaka mzima wa kwanza aliamini Guangzhou ina sehemu tatu tu: chuo, jengo la Tianxiu wanakoshinda mawakala wa mizigo, na huko Shiling kwenye viwanda vya mikoba.

"Sasa mimi nitaongea na wale watu kwa mdomo gani?" Judica akauliza, alipoona mwenzake hacheki.

"Kwa huo unaoniuliza nao."

Judica akamgeukia Sia, aliyekuwa amesimama nyuma ya mama yake na raba zake nyeupe na kibegi mgongoni. Akamkumbusha, kwa ile sauti ya upole ya watu wazima wanaojua kubana, kwamba yeye si mtu baki, kwamba sanduku alilosafiri nalo kuja chuo nani alimnunulia, na kwamba kesho wanapanda ndege na mikoba haijatimia. Sia akafungua mdomo kusema haya anti, nakuja. Ndivyo alivyokuwa, hajui kusema hapana hata kwa muuza bima. Mama yake akamkanyaga mguu.

"Leo mimi na mwanangu tunakwenda kutembea," Rozina akasema.

Kutembea! Mtu mzima, mwenye duka stendi ya Moshi, na magoti yale, apande ndege mbili kuja China kutembea? Judica aliuliza yote hayo kwa pumzi moja. Rozina akamjibu kwamba ndiyo, na kwamba katika safari ishirini na tatu hajatembea hata moja, amekuwa akikimbia tu. Gari likaondoka, na Judica hakupunga mkono.

Sia alibaki pale kando ya barabara anaona haya kwa niaba ya watu wote. Mama yake alikuwa anafunga kitambaa kichwani vizuri, ametulia, utadhani hajamwudhi mtu yeyote maishani mwake. Jana usiku Sia alipomwomba siku hii moja, Rozina alikubali kwa sharti moja tu, kwamba kabla siku haijaisha wanywe chai. Si chai ya chumbani ya kuchemsha kwa birika la hoteli. Alitaka chai ya wenyeji, kwenye nyumba ya chai yenyewe, wakiwa wamekaa. Kwa nini, hakusema.

*

Walianzia bustani ya Yuexiu, kwa kuwa ni karibu na Xiaobei na Rozina alitaka kupima magoti. Ilikuwa Aprili, majira ambayo hewa ya Guangzhou inalowana hadi kuta za nyumba zinatoka jasho. Wakapanda ngazi za mawe kidogo kidogo, wakipumzika kila ngazi ya kumi, mpaka kwenye sanamu ya mbuzi watano ambayo kila mgeni wa mji huu hupelekwa kuiona. Sia akamsimulia mama yake kama alivyosimuliwa darasani, kwamba zamani za njaa miungu watano walishuka wamepanda mbuzi, wakawaachia watu masuke ya nafaka, nao mbuzi wakageuka mawe ili mji usipate njaa tena.

Rozina aliwazunguka wale mbuzi mara mbili. Mchagga hapiti mbuzi bila kumkagua, hata awe wa jiwe. Akasema yule beberu mkubwa ana kifua kizuri, ila huku nyuma wamembania. Akasema pia kwamba hadithi ni nzuri lakini ingekuwa kwetu isingefika mwisho, wangeshachomwa ndafu kabla ya kugeuka mawe. Sia alicheka hadi akashika tumbo. Hakukumbuka lini mara ya mwisho alimsikia mama yake akisema jambo lisilohusu zipu na kamba za mikoba.

Hapo ndipo watu walipoanza kuja na simu zao. Kwanza mwanamke mmoja wa makamo, mwenye kofia pana, alimshika Rozina mkono bila salamu wala ruhusa, akajiegemeza kwake, na mumewe akapiga picha. Wakaja vijana wawili, nao wakapiga. Mwingine alikuwa anapiga kwa pembeni, kwa kujificha, na mtoto wake akagusa nywele za Sia zilizosukwa. Sia akatabasamu. Alikuwa na tabasamu moja maalumu kwa kazi hiyo, kichwa kimelala kidogo upande, nalo lilikuwa limemfaa miaka mitatu.

"Unawafahamu hawa?" mama yake akamuuliza.

"Hapana, mama."

"Mbona unawachekea?"

Sia akasema ndivyo walivyozoea, hawana nia mbaya. Rozina hakubisha. Alitoa simu yake kwenye mkoba, akamkabidhi binti yake, kisha akamfuata yule mama wa kofia na mumewe, akawashika mikono wote wawili, akawasimamisha mbele ya mbuzi, yeye katikati. Yule mume alishtuka. Yule mama akamtazama Rozina, akamtazama Sia mwenye simu, halafu akaelewa, akaangua kicheko cha kweli na kuweka kofia yake sawa. Sia akapiga picha tatu. Rozina akawashukuru kwa Kichina chake cha sokoni, akawaachia mikono.

"Sasa tumelingana," akasema, na akaenda kutafuta benchi.

*

Kwenye benchi, huku anajisugua magoti, ndipo alipolitoa la moyoni. Mficha uchi hazai, na Rozina alikuwa amelificha hili tangu Krismasi.

Kule nyumbani, katika jumuiya yao ya Jumamosi, yeye ndiye aliyekuwa China yao. Wakimaliza rozari, akina mama walitaka hadithi, naye aliwapa: mto unaowaka taa usiku, majengo marefu, nyumba za chai ambamo watu hukaa tangu asubuhi hadi mchana wakila vitu vya mvuke. Mengi alikuwa ameyaona kupitia kioo cha gari. Chuku kidogo alitia, nani hatii? Kisha Jovitha, jirani yao, akaletwa Guangzhou na mwanawe Vedasto wiki mbili nzima, kutembezwa tu, hakununua hata sindano. Akarudi. Jumamosi iliyofuata, mbele ya akina mama wote, akamuuliza Rozina swali: wewe mwenzetu mzoefu, hebu tuambie, Wachina wa kule wakiwa wanamiminiwa chai halafu wanagonga meza kwa vidole viwili, maana yake nini?

Rozina alijibu papo hapo bila kusita, maana jambo hilo alilijua, au alidhani analijua. Kule Shiling alikuwa ameliona miaka kumi na miwili. Yeye yuko kwenye stuli anabembeleza bei, kijana wa dukani anammiminia bosi wake chai, na bosi anagonga meza kwa vidole, tok tok, huku anamtazama yeye. Akawaambia akina mama kwamba ni kukuharakisha. Maana yake amua, nunua au toka.

"Jovitha alicheka hadi machozi," Rozina akasema. "Kumbe ni asante. Mtu akikumiminia chai hufungui mdomo, unagonga meza, umeshukuru. Yule laoban, bosi wa duka, alikuwa anamshukuru kijana wake. Jovitha akaniuliza, kwa hiyo Mama Sia, wewe hujawahi kukaa mezani kwao hata siku moja?"

Wenzake walikuwa wamecheka kwa adabu, vitambaa mdomoni. Rozina aliinuka akakusanya vikombe akavipeleka jikoni, na nyumba yenyewe haikuwa yake. Tangu siku hiyo China ikitajwa, lazima mmoja agonge meza kidogo na wengine waangalie chini.

"Miaka kumi na miwili, mwanangu. Nilikuwa nikisikia ile tok tok, ama nakubali bei yao ama nanyanyuka naondoka. Nimekuwa nikinyanyuka kwenye kiti kwa sababu mtu anashukuru chai yake."

Sia alitaka kucheka na alitaka kulia, akashindwa kuchagua. Alijua kwamba hii ni safari ya mwisho. Daktari alishamkataza mama yake kubeba mizigo na kukaa kwenye ndege saa kumi na sita na magoti yale, na mwezi ujao duka litaanza kuagiza kupitia wakala. Kama si leo, basi tena. Akasimama, akamshika mama yake mkono, wakashuka ngazi.

*

Kwenye treni ya chini ya ardhi walipata viti. Rozina alipoketi, kijana aliyekuwa kiti cha jirani akainuka akaenda kusimama mlangoni. Sia alikuwa ameshalizoea hilo, akajifanya anasoma ramani. Rozina alikitazama kile kiti kilichoachwa, akaweka mkoba wake juu yake, akanyoosha mguu uliokuwa unamuuma. Alisema kijana huyo amelelewa vizuri, amempisha mgonjwa.

Simu ya Sia ikaita. Alikuwa Judica kutoka Shiling, anapaza sauti juu ya kelele za mashine. Alitaka Sia aongee na bosi wa kiwanda sasa hivi, hapo hapo kwenye simu, kwa sababu mikoba ya rangi ya ugoro aliyoiona kwa macho yake juzi, leo anaambiwa meiyou, meiyou, hakuna. Sia akaanza kusema mpe simu. Rozina akainyakua.

"Judica, kaa kwenye stuli," akasema, akaizima simu na kuitia kwenye mkoba wake mwenyewe.

Hilo ndilo somo la kwanza alilofundishwa yeye na waliomtangulia, enzi ambazo hakukuwa na Sia wala simu ya kutafsiri. Ukiingia duka la jumla, usisimame. Anayesimama ni mpita njia, na mpita njia hupewa bei ya mpita njia. Vuta stuli, kaa, weka mkoba chini. Ukishakaa wewe ni mnunuzi, na hakuna mwenye duka anayejua la kumfanya mnunuzi aliyekaa. Rozina alikuwa hodari wa stuli kuliko wote wa Moshi, isipokuwa pale walipogonga meza.

*

Nyumba ya chai aliyoichagua Sia ilikuwa ghorofa ya tatu ya jengo la zamani ukingoni mwa mto, na madirisha yake yote yalitazama maji. Juu ya ngazi palikuwa na kimeza, na nyuma yake dada wa mapokezi aliyevaa suti nyeusi na kidude cha mawasiliano sikioni. Sia hajafungua mdomo, yule dada akasema meiyou, hakuna meza.

Sia akamwomba namba ya foleni, kwa Kichina kizuri, chenye samahani mbele na asante nyuma. Akapewa karatasi ya namba thelathini na saba. Wakaketi kwenye viti vya plastiki pamoja na wengine waliokuwa wakingoja. Wakaitwa thelathini na tano, thelathini na sita. Halafu thelathini na nane. Sia akadhani amesikia vibaya. Wakaitwa thelathini na tisa, arobaini, familia moja ya watu sita na bibi yao, kisha arobaini na mbili. Sia akaenda kuuliza, akaambiwa namba yao ilishapita, hawakuwepo. Akasema walikuwepo, wamekaa pale pale. Yule dada akampa karatasi mpya ya namba hamsini na nane, halafu akaongea kwenye kile kidude chake, bila hata kupunguza sauti, maana nani angedhani Mwafrika anaelewa. Sia alielewa kila neno. Akasema asante, akarudi kitini.

"Amesemaje?"

"Anasema tusubiri kidogo, mama."

Rozina akaichukua karatasi akaisoma. Kichina hajui, lakini tarakimu anazijua kuliko wenye viwanda. Akamwambia binti yake kwamba ziko meiyou mbili katika nchi hii, kuna ya stoo tupu na kuna ya sura yako, na kwamba yeye hajasomea uhandisi ila hizo mbili anazitofautisha gizani. Kisha akajishika magoti, akasimama, akapita kando ya kile kimeza akaingia ndani, Sia akimfuata.

Ndani palikuwa na wingu la mvuke na kelele za vikombe. Dirishani kulikuwa na meza ndogo ya watu wanne, na mzee mmoja wa Kichina peke yake amejifunika gazeti. Katika nyumba hizi za chai watu wasiojuana hukaa meza moja bila neno, na Rozina alikuwa ameshaona kupitia mlangoni wengine wakifanya hivyo. Akamwendea yule mzee, akaonyesha kiti, akasema kwa Kichina chake kile cha dukani: bosi, inawezekana? Yule mzee alimtazama juu ya miwani, akalikunja gazeti nusu ili lisiguse upande wa pili. Rozina akavuta kiti. Akakaa. Akaweka mkoba chini.

Dada wa mapokezi alifika mbio mbio. Sia, aliyekuwa bado amesimama, akaanza kuomba radhi hata kabla hajasikia kosa. Yule dada akasema aliyosema, kwa sauti ya chini na ya haraka, anatazama meza nyingine.

"Amesemaje?" Rozina akauliza.

"Anasema tungesubiri nje kidogo, kuna—"

"Sia." Rozina hakupandisha sauti. "Miaka mitatu unaniambia watu wote wa mji huu wanasema tusubiri kidogo. Keti. Niambie alichosema."

Hapo Sia alikamatwa. Maana ni kweli, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, na alikuwa akiifanya kwa moyo safi. Bosi akisema huyu mama ananipotezea muda, Sia alimwambia mama yake bei hii ni ya mwisho. Mama yake akisema mwambie yeye ni mwizi mwenye cheti, Sia alimwambia bosi tunaomba utupunguzie. Alitia sukari huku na huku, na mabegi yakafungwa, na kila mtu akarudi kwao na heshima yake. Hakuwahi kujiuliza uchungu wote ule ulikuwa unabaki wapi. Ulikuwa unabaki kwake.

Akavuta kiti akaketi kando ya mama yake.

"Amesema tuondoke, wateja hawapendi kukaa na watu kama sisi," akasema. "Na kule nje alimwambia mwenzake kwamba wale Waafrika wawili waache tu, watachoka wataondoka wenyewe."

Rozina alitikisa kichwa taratibu. Hakuonekana kushangaa.

"Nilijua. Sura haihitaji mkalimani. Sasa mwambie ninavyosema mimi, na leo usitie sukari hata chembe. Mwambie nimekuja mji huu mara ishirini na tatu. Mikoba ya viwanda vyao nimeibeba kwa mgongo huu mpaka magoti yamekwisha, na chakula changu nimekila nimesimama. Leo nakunywa chai nimekaa. Namba yetu ilikuwa thelathini na saba, akaita arobaini na mbili, na sisi macho tunayo. Ama alete chai, ama amwite laoban wake aje kunifukuza mwenyewe, anikute hapa."

Sia akamgeukia yule dada. Akayasema yote, moja baada ya jingine, kwa mpangilio ule ule. Maneno makali ya Kichina alikuwa nayo yote, kumbe, ila hakuwahi kuyatumia. Alikuwa amejifunza kwa kuambiwa yeye. Hakuweka samahani mbele wala asante nyuma, na alipofika kwenye namba aliziweka zile karatasi mbili mezani, ya kwanza na ya pili, akazisogeza upande wa yule dada. Mtu fulani akainua simu kupiga picha, na Sia akamtazama moja kwa moja bila kutabasamu, mpaka simu ikashuka.

Yule dada alipandwa na damu usoni. Akagonga meza kwa kiganja mara mbili, mbele ya Rozina, maana yake inukeni.

Rozina aliangalia kile kiganja. Angekuwa Shiling, mwaka jana tu, angeshanyanyuka.

"Bukeqi," akasema kwa utulivu, yaani karibu, usijali, kama mtu aliyeshukuriwa.

Gazeti la yule mzee lilianza kutikisika. Alikuwa anacheka. Alimwambia yule dada maneno mawili matatu kwa Kikantoni, lugha ya hapo mjini ambayo Sia hakuijua, kisha akarudi kwenye gazeti lake. Yule dada akaondoka.

*

Kuondoka kwake hakukuleta chai. Walikaa. Sia akaskani alama iliyobandikwa mezani, akaagiza kwa simu ya mama yake: chai, maandazi ya mvuke yenye kamba wa baharini ndani, na vile vya unga wa mchele vinavyoteleza. Simu haikuuliza sura ya mtu, ikapokea oda na kukata malipo. Zikapita dakika kumi, ishirini. Vikapu vya mvuke vilipita kwenda meza za mbele na za nyuma. Kule kwenye kaunta mwanamume mmoja mnene, bila shaka ndiye bosi, alikuwa amekunja mikono, anamsikiliza dada wa mapokezi na kuwatazama.

Sia akaanza kuhesabu dakika. Alimnong'oneza mama yake kwamba labda wamefanya la kutosha. Rozina alikuwa ametoa sindano na uzi kwenye mkoba, anashona kamba ya kibegi cha Sia iliyokuwa imeachia. Akasema kwamba yeye amewahi kukaa kwenye stuli saa nne kwa ajili ya vifungo, sembuse chai, na mto ule ni mzuri kuuangalia, hajawahi kuuona umesimama. Kila mara alipouona, yeye alikuwa ndani ya gari linalokimbia.

Ndipo yule mzee alipoliweka gazeti kando. Alichukua vikombe viwili vitupu, akavisuuza kwa chai ya moto kwenye bakuli kama wafanyavyo wao, akavijaza kutoka kwenye birika lake mwenyewe, akavisogeza.

Rozina aliiweka sindano chini. Alivitazama vidole vyake, cha shahada na cha kati, akavikunja pamoja, akagonga meza mara mbili. Tok tok. Mzee akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye gazeti lake, kwa kuwa kwake hilo lilikuwa jambo la kawaida kabisa.

Rozina alikunywa. Macho yalimjaa maji na hakuyafuta, alifurahi waziwazi. Sia akatoa simu, akamwambia arudie, amrekodi, waitume kwa akina mama wa jumuiya leo leo, Jovitha aone.

"Rudisha simu," Rozina akasema. "Jovitha hakuwepo, na si kwake nilikokuja."

Mara vikapu vikaja. Aliyevileta ni kijana wa jikoni, na nyuma yake, ametumwa na bosi aliyekuwa bado anatazama kutoka kaunta, alikuja yule dada wa mapokezi na birika la chai. Hakusema samahani. Midomo aliibana. Akainama, akajaza kikombe cha Rozina, akajaza cha Sia, na hakumwaga hata tone.

Vidole vya Sia vikajikunja vyenyewe. Miaka mitatu ya adabu si mchezo, vikanyanyuka kwenda kugonga meza. Mkono wa mama yake ukaja juu yake, mzito, wenye sugu za kamba za mizigo, ukavilaza juu ya kitambaa cha meza na kuvishikilia hapo.

Yule dada alisimama kidogo, birika mkononi, anangoja.

"Huyu asante yake bado," Rozina akasema, na kwa mkono wa pili akavuta kikapu karibu.